Septemba Ndiyo Yenyewe

Jumatatu, 14 Julai

Leander kapiga simu kutoka Alberta, huko magharibi ya mbali. Huyu ni mjukuu wangu niliyemlea tangu hajaota jino, sasa ni jitu zima, linachimba mafuta ya watu mahali pasipo na bahari. Kasema mwaka huu bosi anampa likizo mara moja tu, wiki mbili, na anataka tarehe kabla ya Ijumaa. Kauliza, Bibi, tukitaka kupanda kaskazini na lile gari-nyumba lako la kulala, majira gani ndiyo mazuri?

Swali gani hilo kumuuliza mtu aliyezaliwa huku! Agosti. Wiki ya pili. Beri za njano, vile vitunda vitamu vya porini, zimeiva kinamasini, bahari imetulia, upepo umefunga mdomo. Kasema sawa, Agosti.

Lakini hapa kijijini Gosling Arm kila mtu ana majira yake. Hedley wa dukani anasema Juni, milima ya barafu inapopita ikielea baharini karibu na barabara. Juni imeshakwenda, Hedley! Wifi yangu Verbena, dada wa marehemu mume wangu, anasema Septemba, kwa sababu inzi weusi wameshakufa. Verbena anaogopa inzi kuliko anavyomwogopa Mungu.

Sababu yangu ya Agosti sikumwambia mtu. Leander ameonyeshwa nyumba huko magharibi. Ya kununua! Kanitumia picha. Ya kijivu, majani ya uani yamenyolewa kama kichwa cha askari, na maji huoni popote isipokuwa ya bomba. Akiinunua hiyo nimempoteza. Kwa hiyo atakuja Agosti, nitamkalisha katikati ya kinamasi chetu, nitamlisha beri mpaka kidevu kitiririke. Halafu tuone kama ataitaka tena hiyo nyumba.

Tatizo ni moja. Agosti kila mtu yuko kule kinamasini.

Jumatano, 16 Julai

Wenye fedha zao wanalipia viwanja vya kambi. Sisi tunaegesha kwenye shimo la kokoto lililobaki walipotengeneza barabara, kule juu karibu na Flower's Cove, kinamasi kiko mbele ya mlango. Bure. Kuna kona moja nzuri, ina ukuta wa mchanga wa kuzuia upepo na kijito cha maji. Kila mwaka kona hiyo anaichukua Verbena. Gari-nyumba lake unabonyeza kitufe linatanuka mbavu kama ng'ombe mwenye mimba. Langu mlango umefungwa kwa kamba ya nyavu.

Mwaka jana nilipomaliza kuushusha huu mguu mbovu kutoka kwenye ngazi, wenzangu walikuwa wamekichuma kinamasi kizima. Nilipata beri za kutosha kijiko. Leander akija akute kijiko? Hapana!

Basi leo nimekwenda kwa Hedley kununua maziwa ya kopo, na nikamwambia kwa siri. Jambo ukitaka lifike haraka, mwambie Hedley kwa siri. Nikamwambia theluji ilichelewa kuyeyuka, maua ya beri ndiyo kwanza yanafunguka, hazitaiva mpaka Septemba. Nikavuta pumzi kama mtu aliyefiwa. Hedley kaweka mkono kifuani, kaapa, Mama Dru, hili litakufa na mimi.

Nilipofika getini kwangu, Verbena alikuwa ameshasimama kibarazani kwake. Kaniuliza kama kweli beri zimechelewa. Nikasema ndiyo wifi, inasikitisha. Kanishukuru kwa kumjali. Verbena, kushukuru! Nilipaswa kushtuka papo hapo. Sikushtuka.

Ijumaa, 18 Julai

Kazi nusu sifanyi. Leo jioni ilikuwa karata kwenye ukumbi wa kanisa, nikarudia habari ile meza hadi meza. Mtu mmoja kauliza kama maua nimeyaona mwenyewe. Nikasema kwa macho haya mawili. Nikaongeza baridi ya usiku. Nikaongeza na ndege wanaodonoa maua.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeondoa ndoo zangu za beri uzioni, zinapoonekana na barabara nzima, nikazitupa bandani. Gari-nyumba nikalifunika turubai. Mwanamke mzima wa miaka sabini na sita, juu ya ngazi, na mguu huu! Nilitaka kila apitaye aone kwamba Drusilla hana safari Agosti.

Watu wote walinipa heshima sana ukumbini. Nilivutiwa kiti. Nilikatiwa kipande kikubwa cha keki. Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha, Mungu anisamehe, kama msichana.

Jumanne, 22 Julai

Balaa!

Leander kapiga simu, sauti imejaa kicheko. Kasema nisihangaike, kila kitu amekiweka sawa. Yule kijana wa Hedley wako naye kambi moja ya kazi. Kijana kapigiwa na baba yake, kaambiwa beri zimechelewa mpaka Septemba, kapeleka habari. Basi Leander wangu, kwa upendo wake, kamwendea bosi akabadilisha likizo. Agosti yake kampa mwenzake ambaye binti yake anaolewa. Mwenzake ameshakata tiketi. Bibi harusi ameshaambiwa baba atakuwepo.

Nilikuwa nimesimama na simu mkono mmoja na kisu cha samaki mkono wa pili.

Ningeweza kumwambia. Neno moja tu: nilidanganya. Ulimi ulikuwa tayari. Halafu nikasikia unasema umefanya vizuri mwanangu, Septemba ndiyo yenyewe.

Naam! Na ni kweli. Septemba kuna nafasi. Septemba hakuna inzi. Septemba hakuna Verbena.

Septemba hakuna beri.

Alhamisi, 24 Julai

Jana nilikaa siku nzima nikifikiri. Mimi sikukaa darasani hata siku moja, utoto wangu niliumaliza nikigeuza samaki wa chumvi juani, na hizi herufi kanifundisha marehemu mume wangu Hezekiah kutoka kwenye magunia ya unga. Lakini kichwa changu kinafanya kazi.

Leo nimempigia bosi wa Leander. Namba ilikuwa kwenye karatasi ya friji, ya dharura. Nikatumia sauti nyembamba. Nikamwambia mimi ni bibi yake Leander na ninakufa.

Bosi ni mtu mzuri kumbe. Kaniambia pole sana mama, tutamweka kwenye ndege leo hii.

Nikasema leo hapana! Leo ni mapema mno.

Kauliza basi lini.

Nikasema wiki ya pili ya Agosti.

Halafu kauliza kama daktari ndiye aliyetaja wiki. Wakati huo huo mbwa wa Verbena akaingia jikoni akarukia mkate wangu, nikamfokea toka hapa, mshenzi wewe, mwizi kama bibi yako! Sauti haikuwa ya mtu anayekufa. Nikakata simu.

Baada ya saa moja Leander kapiga. Kauliza ninajisikiaje. Nikasema mzima kama chuma, kwa nini? Kasema kuna bibi amempigia bosi wake anakufa kwa ratiba. Nikamwambia vikongwe ni wengi nchi hii, wanakosea namba. Kasema ndiyo Bibi, lakini huyu alikuwa na mbwa.

Nimebadilisha mazungumzo. Nimemuuliza kama anakula vizuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeamshwa na ngurumo za magari. Nikafungua pazia. Gari-nyumba za Gosling Arm zote, zimepangana barabarani kama msafara wa harusi, zinaelekea kaskazini. Ndoo za beri zinaning'inia nyuma. Hedley kafunga duka! Mbele ya wote, Verbena.

Nilitoka na gauni la kulalia. Verbena kasimamisha, kateremsha kioo, kavaa miwani ya jua kama mtalii. Nikamuuliza anakwenda wapi na beri zimechelewa.

Kacheka mpaka miwani ikateleza. Kasema wifi, wewe tumekujua tangu unaolewa. Ukisema Septemba, sisi tunafungasha Agosti. Mwaka ule uliposema ngisi hawapo, tulijaza friji mbili. Kijiji kizima kinakutegemea wewe kuliko redio, mradi mtu akumbuke kugeuza.

Nikamwambia zitakuwa chachu, ziwafunge matumbo wote.

Katia gari gia, halafu kabla hajaondoka kasema neno lingine, na hili hakulisema kwa kejeli. Kasema anayekuamini duniani ni mmoja tu, Dru, na yuko kwenye visima vya mafuta.

Nimeingia ndani. Nimemenya viazi. Vingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Nimevimenya tu.

Jumanne, 16 Septemba

Kaja jana jioni! Kakonda. Nimempikia samaki na nyama ya chumvi na mikate ya kukaanga kwa asali nyeusi, kala vyote, halafu kalala kwenye kochi na buti zake. Nimemvua mwenyewe. Miguu ile ile, imekua tu.

Tumeondoka leo asubuhi. Yeye kashika usukani, mimi nimeshika mlango, kwa sababu kamba ya nyavu imekatika tulipopita daraja la kwanza. Upepo wa pembeni unalisukuma gari kama ngumi. Barabara yote ni yetu. Mkahawa wa supu umefungwa. Kituo cha kujaza maji kimefungwa, bomba limefunikwa gunia. Mwenye kituo cha mafuta katuangalia kama watu waliokuja kwenye sherehe iliyokwisha. Kauliza tunakwenda wapi. Nikasema kaskazini. Kauliza, sasa hivi?

Nikamwambia sasa hivi ndiyo majira bora, na kama hajui hilo asiuze mafuta kando ya barabara hii.

Leander aliangalia mbele. Bega lake lilikuwa linatikisika. Nilidhani ni baridi, nikamtupia blanketi.

Alhamisi, 18 Septemba

Shimo la kokoto ni tupu! Kona ya Verbena ni yangu! Nimekaa pale kwenye kiti changu cha kukunja kama malkia. Kwa dakika kumi.

Kumbe ukuta ule wa mchanga unazuia upepo wa Agosti, wa kusini. Upepo wa Septemba unatoka kaskazini, na kona ile ndiyo mdomo wake. Kiti kimeondoka. Kimevuka barabara. Usiku gari liliyumba mpaka vikombe vikatoka kabatini vyenyewe. Leander kashauri tusogee upande wa pili. Nimekataa. Kona hii nimeisubiri tangu Hezekiah yuko hai. Sisogei.

Asubuhi kavaa viatu vya mpira, kachukua ndoo. Nikamwambia asubiri mvua ikatike. Kasema beri zitakuwa zinamsubiri. Akaingia kinamasini.

Nilimwangalia dirishani. Mwanaume mrefu vile, kainama, anafunua majani moja moja. Kaenda mpaka mwisho kabisa kwenye miti mifupi, kageuka, kaanza mstari mwingine. Mvua inampiga mgongoni. Hakuacha. Nilijua hakuna kitu pale. Waliomaliza ni Verbena na wenzake, na walichobakiza ameshakila kunguru.

Karudi kalowa, katika kiganja ana beri mbili zimeoza, nyeusi kama jicho la samaki aliyekaa sana. Kanipa zote mbili. Kasema pole Bibi, najua ulizitaka sana.

Yaani ananipa pole mimi!

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikamwambia ndege wamezila.

Sijisikii vizuri leo. Ni mguu.

Jumapili, 21 Septemba

Mvua imekatika. Tumepanda mlima mdogo nyuma ya shimo, yeye kanishika mkono, tumekuta beri nyekundu. Zile ndogo, kavu, chungu, ambazo Verbena hazigusi kwa sababu zinataka sukari nyingi. Zimejaa. Mlima mzima mwekundu. Tumekaa chini tukachuma, mgongo kwa mgongo kuzuia upepo.

Nikashindwa. Nikamwambia mgongo wake, kwa sababu uso nisingeweza. Nikasema beri za njano hazikuchelewa. Nilizichelewesha mimi. Kwa mdomo wangu.

Kasema anajua.

Nikasema anajua nini?

Kasema kijana wa Hedley alimwambia ukweli siku ile ile, kambi nzima wakacheka wakati wa chakula. Halafu bosi naye kaja na habari ya bibi anayekufa kwa ratiba, wakacheka mpaka mtu kamwaga supu.

Nikageuka nikampiga kofi la begani. Nikauliza kwa nini basi alibadilisha likizo, mjinga yule! Kasema mwenzake alikuwa na harusi ya binti. Halafu kasema na lingine. Kasema Agosti, Bibi, ungekuwa unapigana na Bibi Verbena wiki mbili nzima, mimi ningekuwa nimekaa nakuangalia. Nilitaka nikupate peke yangu.

Nilikuwa na beri mdomoni. Chungu sana. Macho yalinitoka maji kwa uchungu wa beri.

Nikamuuliza basi kwa nini alizunguka kinamasi kizima na ndoo, kwenye mvua ile. Kasema kwa sababu ulikuwa dirishani unaniangalia.

Mwongo! Mwongo mkubwa, mwenye uso wa malaika! Amenidanganya mimi, mwanamke mzee, kutoka Julai mpaka Septemba, na sikugundua hata kidogo. Sijawahi kujivunia mtu hivi maishani mwangu.

Nikamgombeza nusu saa, kwa sababu kudanganya wazee ni dhambi.

Ijumaa, 26 Septemba

Tumerudi nyumbani. Kesho anapanda ndege. Leo kafunga mlango wa gari-nyumba kwa bawaba mpya, kazi nzuri. Nimempikia jamu ya beri nyekundu, chupa zote zimo kwenye begi lake, nguo zimebaki.

Nyumba ya kijivu sikuitaja. Niliiuma midomo. Yeye ndiye aliyeitaja, akiwa chini ya sinki, anakaza bomba. Kasema amewaambia wanaoiuza wasubiri. Nikauliza wasubiri nini. Kasema ile nyumba uwanja wake ni mdogo, gari-nyumba haliwezi kuingia.

Nikauliza gari-nyumba la nani?

Kasema nimpe spana kubwa.

Halafu kasema mwaka ujao mwezi nichague mimi, wowote, yeye ataomba. Ombi lake moja tu. Nisimwambie mtu. Nisiende dukani, nisiende ukumbini, nisihamishe beri wala samaki wala theluji. Tuchague, tukae kimya, tuondoke.

Nimeapa. Nimeweka mkono juu ya mkebe wa chai, Biblia ilikuwa mbali.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefikiri. Kiangazi kijacho ni mbali. Kwa nini mtu angoje Agosti? Au Septemba? Nimepitia miezi yote, mmoja mmoja, na jibu ni wazi kabisa, nashangaa hakuna aliyeliona. Februari! Inzi hakuna. Watu hakuna. Kinamasi kimeganda, mtu anatembea juu yake kama ukumbini, hata mwenye mguu mbovu. Na Februari iko karibu kuliko Agosti.

Nimempigia Leander. Kasema Bibi, Februari barabara inafungwa na theluji. Nikasema ndiyo maana hakuna watu. Kasema maji yataganda ndani ya mabomba ya gari. Nikasema tutayayeyusha kwa chai. Kacheka mpaka kakohoa. Halafu kasema atamuuliza bosi, lakini nisifariki kabla hajapata jibu.

Kwa hiyo imebaki kazi ndogo. Kiapo ninakikumbuka, lakini kiapo kilihusu beri, samaki na theluji. Kuhusu kusifia hakikusema kitu. Na hawa watu nimeshawajua. Wanageuza ninachosema. Basi leo nimekwenda dukani, nikamsifia Hedley Februari waziwazi, kwa sauti, mbele ya wateja: jinsi kaskazini inavyopendeza, jua juu ya barafu, hewa, usingizi mzuri. Nimesema kila mwenye gari-nyumba aje. Hatakuja hata mmoja! Watabaki majumbani wakijipongeza, na shimo zima litakuwa letu.

Nimetoka pale natembea kama mshindi.

Jioni nimeangalia dirishani. Verbena yuko nje na tochi. Amepiga magoti kwenye matope, anayapimia magurudumu ya gari-nyumba lake minyororo ya kuzuia kuteleza kwenye theluji.

Kumbe safari hii hakugeuza. Na aje. Kona ni yangu.